Waya ya Mkwe

Jumatatu, 12 Agosti 1996. Migori

Mashine ya nne leo. Nimetoa skrubu, nikavuta kifuniko, panya akaruka juu ya mkono wangu akapotelea nyuma ya kabati. Ndani kulikuwa na kiota cha karatasi za mitihani zilizotafunwa, na watoto watano wekundu, bila nywele, kama vidole vya mtu. Nimetapika kwenye ndoo ya deki. Halafu nikaendelea. Zimebaki nne.

Kazi yangu likizo hii: kufungua kompyuta zote nane za chuo, kutoa uchafu, na kuandika kila moja ina tundu gani la waya mgongoni. Tunahama. Chuo kinatoka hiki chumba cha kupanga kinaenda jengo jipya Homa Bay. Mama ndiye mwalimu wa kompyuta. Hakuna mwingine. Na kamati imemwambia bila kuzungukazunguka: Jumatatu ijayo mkaguzi wa mitihani anakuja, na anataka kuona mashine zote zimeunganishwa. Uandike kwenye moja, isomeke kwenye nyingine, printa moja ichapie wote. Zikiongea, chuo kinakuwa kituo cha mtihani na Mama anabaki na kazi. Zikinyamaza, watatafuta mtu mwingine.

Nyumba tumeshamwambia mwenyewe kwamba tunaiacha. Jumatano tunatoka na kila kitu. Hakuna pa kurudi.

Mikono yangu inanuka mkojo wa panya hata baada ya kunawa mara tatu. Kwenye ugali nimeinusa harufu hiyo. Sikumaliza.

Jumanne, 13 Agosti. Migori

Kamati ilikuja kuamua waya. Wanaume watano na Mama Rose, mweka hazina. Mwenyekiti ni Mzee Okech, mzee wa kanisa, tumbo mbele, Biblia kwapani.

Mama alikuwa anataka waya za jozi. Zile nyembamba zinazofanana na za simu, kila mashine na yake, zote zinakutana kwenye kisanduku kimoja katikati. Moja ikikatika, saba zinaendelea. Waya tulizo nazo sasa ni za duara, nyeusi, zinapita mashine hadi mashine kama kamba ya kuanikia nguo. Ikikatika mahali pamoja, nguo zote chini. Mama anazichukia. Mimi pia. Kila wiki mwanafunzi anaikanyaga moja na darasa zima linaganda.

Lakini mashine ni za zamani. Mama akaniambia nisome orodha yangu mbele yao.

Nilisoma nikiangalia karatasi. Mzee Okech akasema, "Sauti, karani wa panya! Hatukusikii." Wakacheka wote. Mama Rose alicheka hadi leso ikadondoka. Jina limeshanikaa, naona.

Orodha inasema hivi: mashine tano zina tundu la duara peke yake. Tatu zina matundu yote mawili. Kwa hiyo tukichagua waya za jozi, tano zinabaki bubu. Ni mimi niliyeua waya anayoitaka Mama. Alitikisa kichwa tu, akasema basi tuendelee na ya duara, mpya, maana hii ya zamani panya wameitafuna. Alieleza vizuri kwamba lazima iwe aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ubavuni iwe na namba 50.

Mzee Okech akasema, "Mwalimu, waya ni waya. Stima haijui rangi. Hiyo niachie mimi, mkwe wangu Boaz ni fundi, ameweka antena za TV mpaka Kisegi."

Mkwe wake, yaani mume wa binti yake mkubwa. Wote wakasema ndiyo, ndiyo. Mama akasema asante.

Najichukia nikisikia sauti yangu. Ni kama ya kuku aliyeshikwa shingo.

Jumatano, 14 Agosti. Homa Bay

Tumefika. Sijui niseme nini kwanza.

Lori lililokuja kutubeba lilikuwa limetoka kushusha omena, dagaa wa ziwani. Hawakulifagia. Magamba yamelala sakafuni kama vumbi la bati, maji ya samaki yamejaa kwenye pembe. Na kompyuta zetu zikapandishwa hapo. Nilitaka kumwambia mpakizi asubiri nitandike magunia. Nilifungua mdomo, nikafunga. Nimekaa na mdomo huu miaka kumi na sita na haujanisaidia siku moja.

Jambo la pili. Waya ya zamani nilikuwa nimeikunja vizuri, vichwa vyake vya chuma nimevifunga kwa kitambaa. Mpakizi akaikata vipande vinne akafungia magodoro. "Kamba nzuri hii," akasema, "haitoi nyuzi." Mzee Okech akamwambia afunge tu, hiyo ni takataka.

Pale Awendo tulisimama nyuma ya trela la miwa kwa muda mrefu, jua linawaka, omena inaiva chini yetu. Tulipofika Rodi Kopany, Mama alininunulia ndizi. Nilikula nikiwa nimebana pua.

Jengo ni zuri. Chumba kikubwa, madirisha upande wa ziwa, kuta bado hazijapigwa plasta. Ziwa lenyewe halionekani. Ni magugu maji tupu, kijani hadi mbali, na harufu ya kitu kilichooza kwenye sufuria.

Alhamisi, 15 Agosti

Lazima niandike hili lilivyokuwa.

Boaz alileta waya saa tano asubuhi. Mrefu, mtaratibu, shati limepigwa pasi. Alibeba mkunjo mzima begani, akampa baba mkwe wake kwa mikono miwili, akiwa ameinama. Zawadi. Alisema ni mchango wake kwa chuo cha wazee wake. Mzee Okech alijaa machozi kweli. Akasema tusimame, tuiombee.

Tukasimama kuizunguka waya ile iko juu ya meza kama marehemu. Wakafumba macho. Mzee akaomba, akaomba, akashukuru kwa mkwe, kwa mabinti, kwa sayansi. Inzi wa ziwa wanamwingia mdomoni, anatema, anaendelea.

Mimi sikufumba. Niliangalia waya. Ni nene kidogo kuliko yetu. Ubavuni kuna maandishi meupe madogo. Namba ni 75.

Hiyo ni waya ya antena ya televisheni. Kitabu kina ukurasa mzima juu yake, na picha, na onyo: zinafanana kwa macho, usizichanganye. Ukiiweka, ujumbe unafika mwisho wa waya unagonga na kurudi, unakutana na mwingine njiani, na wote unavurugika. Mashine mbili zilizo karibu zinaweza kudanganya kwamba ni sawa. Nane, hapana.

Amina, wakasema. Mama akanigeukia palepale, Mzee amesimama, Boaz amesimama. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Akoth, umeiangalia hiyo waya?"

Nikasema, "Nimeiangalia."

"Iko sawa?"

Mzee Okech alikuwa ananitazama anatabasamu, jino la dhahabu nje. Nilijua neno linalofuata litakuwa karani wa panya.

Nikasema, "Iko sawa, Mama."

Nimesema hivyo. Mimi. Kazi ya mama yangu nimeitupa kwa sababu naogopa kuchekwa na mtu mwenye inzi kwenye meno.

Ijumaa, 16 Agosti

Asubuhi nilikusudia kumwambia. Kwanza wakati wa chai. Halafu baada ya chai.

Boaz alianza kufunga vichwa kwenye waya yake. Haviingii, bila shaka, waya ni nene. Akatoa wembe akaanza kuichonga ile plastiki nyeupe ya ndani kama mtu anayemenya muhogo. Akiona kichwa kimekataa, anakigonga na nyundo. Nilisimama kando nikimshikia koleo. Nilimshikia koleo!

Mama alipita akatazama, akaniambia kwa upole tusipige plasta hadi tujaribu mashine kwanza. Alimwambia Mzee vilevile. Mzee akainua mkono kuonyesha jua. "Mwalimu, leo Ijumaa. Jua likizama ni Sabato. Kesho hakuna mwashi, Jumapili hawa mafundi wako Rongo. Tukiacha ukuta wazi mkaguzi atafikiri ni zizi."

Hivyo wakaanza. Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo. Waashi watatu, Boaz, Mzee mwenyewe amekunja suruali. Waya inaingia kwenye mfereji wa ukuta, saruji inafuata nyuma yake. Wanaangalia jua, wanaangalia ukuta. Mama Rose anaimba mlangoni wimbo wa kukaribisha Sabato, na wao wanapiga plasta kwa mdundo wa wimbo. Kila mita mbili wanaacha kitundu, waya inachungulia na kurudi ndani.

Jua lilipogusa magugu walikuwa wamemaliza. Mzee akanawa mikono akasema, "Imelala."

Imelala kweli. Ukuta mzima umekula uongo wangu na kupakwa saruji.

Sabato, 17 Agosti

Kanisani tangu asubuhi. Siku hii hatuongei mambo ya kazi, hata nyumbani. Nilifurahi. Nimepata sababu takatifu ya kunyamaza. Hata hilo limenichefua.

Tulikula viazi baridi. Mama aliniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Jumapili, 18 Agosti

Saa mbili tuliwasha. Mashine ya kwanza na ya pili zikaongea. Boaz akapiga makofi. Ya tatu ikaingia. Ya nne ikasitasita, ikaingia. Tulipoongeza ya tano zote zikaganda. Tukazima, tukawasha. Zikaganda. Tukabadilisha vizibo vya kufunga ncha mbili za waya, tukabadilisha mashine, tukakaza vichwa. Mara mashine mbili au tatu zinaamka, mara hata mbili hazitaki. Na mashine zikipata joto zinatoa harufu ya omena. Chumba kizima kinanuka kama soko.

Saa sita kamati ikaja. Walikaa kwenye viti vya wanafunzi. Mzee Okech aliongea polepole, kwa huzuni ya kujionyesha.

"Mwalimu, jengo tumekupa. Waya umepewa, na mkwe wangu amefanya kazi bila hata soda. Sasa kilichobaki ni kipi? Ni wewe. Boaz hapa anaweza kuchukua hicho chumba hata kesho. Mimi sisemi, nauliza tu."

Boaz aliangalia viatu vyake. Hakukataa. Wengine waliangalia dari. Mama alisimama katikati yao, mikono imeshikana mbele, kama mwanafunzi aliyechelewa. Shingoni mshipa unapiga.

Sikuamua. Nilisikia tu ile sauti ya kuku. "Si yeye."

"Nani huyo?" akauliza Mzee bila kugeuka.

"Si yeye. Ni waya. Ni ya TV."

Mzee akageuka na kiti chake chote. "Nyako, nani amekuuliza?" Yaani wewe msichana. Mama Rose akasema, "Yawa, jamani, mwacheni aseme! Labda panya wamempa digrii." Wakacheka. Nilifungua kitabu cha mashine juu ya meza, nikasoma. Nilisoma ukurasa ule kwa Kiingereza, halafu nikaueleza kwa Kiswahili, halafu kwa Dholuo, kwa sababu niliogopa kwamba nikinyamaza kidogo tu sitaanza tena. Niliwaonyesha namba kwenye kipande kilichobaki. Boaz alikichukua, akakisogeza dirishani, akatazama muda mrefu.

Mzee hakuitazama. Akasema, "Hata kama. Zawadi ya mkwe hairudishwi. Ukirudisha zawadi ya mkwe, umerudisha msichana. Mnataka nimrudishe binti yangu nyumbani kwa sababu ya waya? Ukuta huo haubomolewi."

Niliona wote wamekubali. Hata Mama Rose. Hilo neno ni zito kuliko mkaguzi.

Ndipo Mama akacheka. Kicheko kidogo, kile cha kuwachekea wageni. Akasema, "Mzee, nani anabomoa? Mimi sijasema neno. Ni mtoto amesema. Sasa mwacheni mtoto acheze na ile takataka ya kufungia magodoro. Ikishindikana, Boaz achukue ufunguo. Waya ya mkwe iko ukutani, haiguswi na mtu."

Mzee alifikiri. Akasema, "Kama ni mchezo wa mtoto, sawa."

Tukaenda kuifungua kwenye magodoro. Vipande vinne, vina magamba, vimelowa maji ya samaki, vina meno ya panya. Tuliviosha kwa sabuni ya kufulia. Nilikata kila palipotafunwa. Nilifunga vichwa upya, kimoja kimoja, kama kitabu kinavyosema, na Boaz akaja akanishikia koleo bila kuambiwa. Mikono yake ni mizuri. Hakuchonga chochote na wembe.

Waya iliyobaki ilikuwa fupi. Ikabidi meza zote nane zisogezwe upande mmoja, zimebanana kama ng'ombe kwenye josho, na waya inapita sakafuni chini yake.

Saa kumi tuliwasha. Nane. Zote.

Sikulia mbele yao.

Tukitembea kwenda nyumba mpya nikamwambia Mama: nilijua tangu Alhamisi. Niliona namba wakati wa maombi. Nilikudanganya.

Hakusimama. Akasema, "Najua. Hata mimi macho yangu yalikuwa wazi."

Sikuelewa. Akasema tena, bila kuniangalia: aliiona 75 kabla yangu. Ndiyo maana aliniuliza mbele yao. "Mtoto akisema, ni utundu, watu wanacheka, mambo yanaisha. Mimi nikisema, ni dharau. Mwanamke amemdharau mzee mbele ya mkwe wake. Nilikufungulia mlango, nyathina. Hukuingia."

Nyathina. Mtoto wangu. Alisema hivyo.

Siku tatu zote nimekula kinyaa changu peke yangu, na yeye ameketi mezani hapohapo na chake. Aliwaacha wapige plasta. Angepoteza kila kitu kwa adabu. Nilitaka kumkasirikia kwa sauti. Nilimbebea mkoba.

Jumatatu, 19 Agosti

Mkaguzi ni mwembamba, ana koti la kijivu. Alipoingia alitoa leso akaiweka puani, akajifanya ana mafua.

Aliandika jina lake kwenye mashine ya kwanza, akaenda akalisoma kwenye ya nane. Akachapa. Akazima ya tatu, akaiwasha. Akaweka alama kwenye karatasi yake. Mama alikuwa anamjibu kwa Kiingereza chake kizuri, na kila alama ikiwekwa nilihisi kama mtu ananitoa mwiba.

Halafu akauliza. Kwa nini mashine zimejazana huku, na kuta zote zina matundu yenye waya?

Nilifikiri sasa. Sasa mtu atasema.

Mzee Okech akasema, "Hiyo ni ya upanuzi, bwana. Tumejenga tukiwaza mbele."

Mkaguzi akasema vizuri sana, wengi hawafikirii mbele. Akaandika hilo pia.

Baadaye hotuba. Mzee alishukuru Mungu, kamati, na hasa mkwe wake Boaz ambaye waya yake imeleta kituo cha mtihani Homa Bay. Watu wakapiga makofi. Boaz alisimama, uso umemshuka, akakaa haraka. Mama alipiga makofi. Nilimtazama ili nione kama anapiga kwa kejeli. Hapana. Alipiga vizuri, vidole vimenyooka.

Jina la Mama halikutajwa.

Anabaki na kazi. Nimeandika hilo hapa ili nilisome nikiwa nimekasirika.

Jumatano, 21 Agosti

Mvua asubuhi. Magugu yamesukumwa mbali na ufuo, nimeona maji kwa mara ya kwanza. Ni ya kahawia.

Mama ana wanafunzi kumi na mmoja tayari. Wanakaa wawiliwawili, viwiko vinagongana. Anawaambia wasikanyage waya ya sakafuni. Wanaikanyaga.

Mchana aliniita. Kamati inataka barua ya shukrani kwa Boaz, rasmi, kwa Kiswahili kizuri, iwekwe kwenye fremu nyumbani kwake. Kamati imesema aandike Mwalimu. Mama akasema, "Andika wewe. Kiswahili chako ni kizuri kuliko changu."

Nilikaa kwenye mashine ya nane. Nilidhani nitaandika vibaya makusudi. Nikaandika vizuri. Nilitafuta maneno. Nikaweka "mchango usiosahaulika" na "waya uliyotupatia kwa moyo mweupe." Hakuna uongo ndani yake hata mmoja, nimeikagua mara mbili. Nikabonyeza, na printa kule mwisho ikaanza kulia.

Mama aliisoma akiwa amesimama. Akaongeza koma mahali pamoja kwa kalamu, akatia sahihi, akarudi darasani.